Gari la Kapteni na Sababu Nashon Hakufika Mazishini

Kyebando,
Kampala, Uganda.
17 Oktoba, 1976.

Mpendwa shemeji Owuor,

Pokea salamu zangu mimi Rosebella, mke wa mdogo wako. Hamjambo hapo nyumbani? Mama watoto hajambo? Na Mama mwenyewe je, anakula, analala? Najua aliyezoea kusikia mtu akikohoa upande wa pili wa kitanda huona usiku ni mrefu sana pakiwa kimya. Mvua imewafikia? Huku inanyesha kila siku jioni. Mimi na mtoto wetu Awiti miili yetu ni mizima, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Shemeji, poleni sana kwa msiba. Telegramu yenu niliipata, na barua zako mbili zilizofuata pia nilizipata. Ile ya pili ilikuwa na hasira, wala sikulaumu. Mtoto wa kiume asipoonekana siku ya kumzika baba yake, watu wana haki ya kusema, na najua wamesema: kwamba Nashon amekuwa mtu wa Kampala, kwamba nimemfunga miguu. Nilishindwa kukujibu kwa sababu barua za posta huku hufunguliwa kabla hazijasafiri. Hii nimempa Saverio mkononi. Ni jirani yetu, hununua vitunguu Mbale na kufika mpaka Busia, na mwenye kuisoma ni wewe tu.

Nashon hakukataa kuja. Niache nianze mwanzo.

Kuna kapteni mmoja wa jeshi, jina lake Abudu. Ana gari la dizeli ambalo zamani lilikuwa la Mhindi mmoja, likabaki Wahindi walipofukuzwa. Wakati ule Mhindi alikuwa akilihudumia vizuri. Kapteni yeye aliliendesha tu, miaka minne, bila kulibadilisha hata oili, mpaka likaanza kutoa moshi mweusi hadi watoto wa Kyebando walikuwa wakilijua likiwa mbali. Ndipo alipomletea Nashon alitengeneze.

Wewe ni mwalimu na mambo ya injini si yako, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyoelezwa mimi, nikiwa nimeketi na cherehani yangu na Nashon amekishika mkononi kifaa alichokitoa kwenye injini, cheusi kama masizi ya sufuria. Alisema injini ikichoma mafuta, moshi mwingine hupenya kando ya pistoni ukashuka chini kwenye oili. Ukiachwa huko hujaa na kuisukuma oili itoke nje. Basi gari lile lina bomba la mpira linalouchukua ule moshi na kuurudisha juu, injini iuvute tena pamoja na hewa safi, iuchome mara ya pili. Njiani kuna vali, ndicho kile alichokishika. Kazi ya vali ni kupima: moshi kidogo upite, usizidi. Ndani yake kuna ngozi nyembamba ya mpira inayopanda na kushuka. Ya gari la Kapteni ilikuwa imepasuka.

Nilimuuliza, ikipasuka inakuwaje? Akasema vali inabaki wazi, injini inavuta moshi pamoja na oili, na dizeli haichagui, huichoma oili kama mafuta. Siku moja inaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe, na hapo hata ukizima haizimiki, kwa sababu chakula chake hakitoki tena kwenye tangi. Italia mpaka ijiue.

Vali mpya haikupatikana. Alizunguka Katwe yote na maduka ya spea yalikuwa na rafu tupu. Akamwambia Kapteni gari lisitoke mpaka aagize Nairobi. Kapteni akakataa. Alikuwa anaoa mke mwingine Jumamosi ile na alitaka kumchukua bibi arusi kwa gari hilo hilo. Nashon akaiosha vali kwa mafuta ya taa, akaikatia kipande cha tyubu ya baiskeli badala ya ile ngozi, akamsihi aende polepole na asilisukume milimani. Akamwonyesha pia, likianza kunguruma lenyewe, atie gia kubwa, akanyage breki na kuachia klachi, au mtu azibe mdomo wa hewa kwa ubao. Kapteni alikuwa akiwasha sigara. Sidhani alisikia nusu yake.

Jumamosi walikuwa wanapanda mlima kule Mengo, gari limejaa watu na maua, na Kapteni ameshindilia mafuta. Kile kipande cha tyubu kikayeyuka. Nimesimuliwa na watu watatu na wote wanasema sawasawa. Injini ilianza kupiga kelele kama kitu kinachochinjwa. Kapteni akasimamisha gari, akatoa gia, akachomoa funguo, na ikazidi kupanda sauti. Moshi ukafunika barabara yote, bibi arusi akatoka akikimbia na shela lake limekuwa la kijivu. Wenye maduka wakafunga milango, wakidhani ni bomu. Kapteni alisimama barabarani, funguo mkononi, na gari linaendelea kulia mbele yake mpaka lilipopasuka. Mtu fulani alicheka. Hakujulikana ni nani. Nafikiri angejulikana, mambo yangekuwa mengine.

Kapteni na askari wake walikuja kwetu kesho yake mchana. Nashon alikuwa uani. Kapteni hakuwa na hasira ya kupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alizungumza kile Kiswahili chao cha jeshi.

"Mimi natoa funguo," alisema, "na gari iko nalia tu. Gari bila funguo, nani naendesha? Wewe mtu ya Kenya, nani alituma wewe?"

Nashon akajaribu kumweleza habari ya vali. Shemeji, alieleza vizuri, kwa heshima, "afande" kila neno la tatu, na nikaona jinsi anavyozidi kueleza ndivyo anavyozidi kuonekana mtu anayejua jinsi ya kuharibu gari. Mwaka huu unajua ulivyokuwa kwa sisi Wakenya hapa tangu Julai, tulipoanza kuitwa wapelelezi. Wakamtia kwenye buti ya gari lao. Niliwafuata mpaka barabarani, kisha sikujua nifuate nini.

Nilikwenda polisi. Askari wa zamu aliniambia kwa upole nirudi nyumbani nikapike. Nilikwenda kwa padri, naye akaniombea, akanisindikiza mpaka mlangoni na kuufunga. Ndipo Nafuna, mama anayeuza uji hapa kwetu, akanishika mkono akasema twende tukaangalie kwenye chumba cha maiti. Tulikwenda, na tukarudi tena, na tena. Wanawake tulikuwa tunapanga foleni. Nilipomkosa nilifurahi, halafu nikamsikia aliyekuwa nyuma yangu amempata wake, nikaona haya kwa furaha yangu.

Habari zake nilizipata nilipokuwa nampima kiuno Alum, mke wa askari, ambaye huniletea vitambaa nimshonee. Aliniambia bila kunitazama kwamba kambini kwao kuna makanika Mjaluo, analala kwenye karakana, na malori yaliyokuwa yamelala mwaka mzima sasa yanatembea. Nilijitoboa kidole kwa pini.

Kumbe walipomhoji aliwaambia yale yale ya vali, na wakamleta fundi wao kusikiliza, fundi akasema mtu huyu anasema kweli. Nilidhani kweli ikijulikana mtu huachiliwa. Hawakumwachilia. Waliona kwamba anafaa.

Telegramu yenu ilipofika niliichukua, nikaenda nayo langoni kwa kambi, nikakaa chini mpaka Kapteni alipopita. Nilipiga magoti, shemeji, sitakuficha. Nikamwomba ampe ruhusa ya siku chache akamzike baba yake, hata kwa kusindikizwa na askari. Aliisoma telegramu yote, akanirudishia.

"Pole, mama," alisema. "Lakini akienda Kenya, atarudi?"

Nikaapa atarudi. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. Nikamuuliza basi mume wangu atatoka lini.

"Bwana yako nakula, nalala, hakuna mtu nampiga," akasema. "Siku magari yangu itaacha kuharibika, yeye atarudi nyumbani."

Kwa nini alinionea huruma siku ile sijui, lakini alimwambia askari anipeleke kwenye uzio wa waya, nyuma ya kambi, nimwone. Nashon alikuja amevaa overoli ya jeshi. Amekonda, na jino moja la mbele halipo, nilipotazama akafunga mdomo. Askari alisimama karibu kiasi cha kusikia kila kitu. Mume wangu aliniuliza habari za Awiti. Akaniuliza kama cherehani bado inaruka nyuzi. Kisha akauliza:

"Na baba, mguu wake umepona?"

Telegramu ilikuwa ndani ya nguo yangu kifuani. Nikasema umepona.

"Anatembea?"

Nikasema anatembea, alikwenda mpaka sokoni. Nashon akacheka, shemeji, mara ya kwanza tangu nimwone pale. Akasema niwaandikie nyumbani, nimwambie mzee kwamba Krismasi watakula pamoja. Nikasema nitaandika.

Nimejiuliza kila siku kwa nini nilisema vile. Niliogopa angeuparamia ule waya. Na niliogopa pia asingefanya lolote, angerudi tu kwenye lori lake na neno hilo, alale nalo sakafuni peke yake bila mtu wa kumshika bega. Wewe ni mkubwa wake. Kama nimekosea, nihukumu, lakini naomba usimtumie habari kwa njia yoyote mpaka atoke. Kama atatoka.

Mimi siwezi kuja. Kapteni amesema wazi: nikiwa Kyebando, yeye anajua Nashon hatafikiria kutoroka, na nikiondoka atajua tumepanga. Kwa hiyo nabaki hapa, nashona, napeleka chakula langoni, na sijui kama kinamfikia. Nikipita gereji yoyote nikasikia lori bovu likiwashwa, moyo unaniambia hata hilo moja litaongeza siku zake.

Awiti namleta kwako kwa mkono wa Saverio huyu huyu. Barua hii ikiwa mbele ya macho yako, basi mtoto amesimama mlangoni kwako. Mpe maji kwanza. Anajua baba yake yuko hai, anajua babu yake amefariki, na nimemwambia mpakani ajibu kwamba Saverio ni mjomba wake. Haogopi giza. Anaogopa watu wenye miwani myeusi, msimlazimishe kueleza. Umtafutie nafasi darasani kwako, yuko la tatu na hesabu anaziweza.

Nisalimie mama watoto, asante mapema kwa mzigo ninaomwongezea. Nisalimie shangazi zetu wote walioketi matangani, hata waliosema. Nafuna anakusalimu ingawa hamjuani. Saverio mpe chakula, hataki kitu kingine.

Mama nisalimie kwa namna ya peke yake. Usimsomee barua hii. Mwambie tu kazi ya serikali ilimzuia mwanawe, na hilo si uongo mtupu. Akiuliza Nashon alilia vipi aliposikia baba yake hayupo, mwambie alilia sana, mpaka majirani wakaja.

Mungu awe nanyi kwenye nyumba hiyo iliyopungua mtu, na hii yangu iliyobaki na mtu mmoja asiisahau.

Ni mimi nikupendaye, mke wa ndugu yako,

Rosebella