Herufi Tuliyomrithisha Poni

Arua, Jumatano

Nimefundisha leo jinsi DNA inavyojinakili ndani ya seli: nyuzi mbili zilizosokotwa zinaachana, kisha kila uzi unajijengea mwenzake mpya, herufi kwa herufi.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, kama herufi moja iko mbaya?"

"Seli itainakili hivyo hivyo," nikajibu.

Herufi hiyo mimi na mume wangu tulimrithisha binti yetu Poni bila kujua. Ugonjwa wa selimundu ukamuua. Tulimzika mjini Koboko mwezi uliopita.

Jioni mume wangu alinikuta sijagusa sahani. "Kula, Mama Poni. Chakula iko baridi sasa."

Bado ananiita hivyo. Nilitaka kumwambia nina mimba tena, na kwamba naogopa. Nikala tu.