Saa ya Baba Haitumii Betri

Magarama, Gitega

Kaka Husni,

Asalaam aleikum. Huku mvua imeanza, na Nadia wangu ameota meno mawili. Betri uliyotuma kutoka Muyinga kwa ajili ya saa ya Baba imefika. Nilimpelekea fundi Sefu, akacheka. Kumbe saa hii ya marubani haina betri. Inajijaza yenyewe kila mkono wa anayeivaa unapocheza. Tangu Baba anarusha ndege za Air Burundi, na hata baada ya shirika kufa, haikusimama kwa sababu yeye hakutulia. Si unamjua? Akisimulia safari ya Kigali, ndege ilikuwa inatua hapo mezani kwa mikono yake miwili, na chai inamwagika.

Sasa mkono ule hauinuki tena, kaka. Daktari amesema tukae naye tu nyumbani. Mi sikutaka kukuambia kwa simu.

Basi kila asubuhi naivaa mimi, natwanga sombe, yale majani ya muhogo, mpaka saa iamke, kisha namwekea Baba sikioni. Alikuwa anatabasamu: "Unasikia? Shirika litaniita tena." Mi najibu, "Ndiyo, Baba."

Leo nimemwekea, inalia vizuri kabisa. Ameniuliza hicho ni kitu gani.

Njoo, kaka. Hilo duka lako lifunge tu.

Ni mi mdogo wako, niliyebaki na saa mkononi,
Zaituni