Boti ya Bwana Meneja na Mazishi ya Baba

Gereji ya Shamba la Chai,
Kericho.
Jumatano.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Magoti yako yako namna gani na baridi hii? Unakula, au unawapikia watu wa matanga halafu wewe unalala na chai tupu? Sisi huku tuko. Rebeka anakusalimu, na mtoto ameanza kukaa bila kushikwa. Dinah, dada yangu, msomee Mama pole pole.

Barua aliyoandika Dinah niliipata juzi. Mnasema Baba mlimzika Ijumaa, na kwamba hamjanyoa nywele za matanga, mnaningoja mimi kifungua mimba. Mama, nataka ujue kilichonishika, usije ukasikia kwa watu kwamba mwanao alikataa kuja.

Simu ya kifo ilifika Jumanne ya juma jana. Siku hizo Bwana Meneja alikuwa ameleta boti yake ndani ya gereji yetu. Boti hiyo haina panga la kuzunguka majini na kuisukuma. Injini inavuta maji chini na kuyatupa nyuma kwa nguvu, ndipo inakwenda. Bwana alitaka tuitoe flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, kwa maana boti haina klachi ya kushikana nalo. Mahali pake tuweke sahani nyembamba yenye meno ukingoni, injini iwe nyepesi. Wageni wake kutoka Ulaya walikuwa wanakuja Jumamosi kutembezwa ziwani.

Nilimpelekea ile karatasi ya simu. Aliisoma, akanirudishia.

"Pole, Joash. Lakini baba kwisha kufa, sivyo? Yeye hapana haraka. Wageni yangu iko haraka. Injini ikilia mzuri, wewe nakwenda."

Tangu Uhuru tunaambiwa mambo yamebadilika. Labda bado yako njiani.

Nilifanya kazi mpaka Jumatano adhuhuri. Mwenzangu wa gereji ni Kiprono, Mkipsigis wa Sosiot, mtu wa mzaha. Aliponiona nikitazama barabara, alininyang'anya spana.

"Wewe Mmaragoli, toka hapa! Enda funga mzigo, basi la Kisumu halingojei mtu wa kununa. Hii sahani nitafunga mimi. Na usimalize kuku zote za matanga, niletee hata shingo."

"Kiprono, uangalie vizuri..."

"Niangalie nini? Enda!"

Alifanya haraka ili nisikose basi. Akatumia zile bolti za flaiwili. Flaiwili ni nene, kwa hiyo bolti zake ni ndefu. Sahani ni nyembamba. Ziligonga mwisho wa tundu kabla vichwa havijaibana sahani. Mkono unakuambia imekaza, kumbe inacheza. Bwana alipowasha, nami niko mlangoni na mzigo wangu, injini ilipiga kelele kama kinu cha posho kilichomeza mawe. Akaizima.

"Hakuna mtu nakwenda."

Kiprono alimwambia kosa ni lake, abaki yeye, mimi niende. Bwana akarudia maneno yale yale. Bolti fupi ziliagizwa Nairobi, zikafika Ijumaa asubuhi. Mlipokuwa mkimteremsha Baba, mimi nilikuwa chali chini ya injini nikizikaza. Ililia vizuri. Sijawahi kuuchukia mlio mzuri namna ile.

Jumamosi ruhusa haikuja. Nilipelekwa Kisumu kuichunga injini. Nikiwa nimeshika kamba ya boti pale ufuoni, niliiona milima yetu ya mawe, Mama. Ningeweza kuiachia kamba na kutembea. Lakini anayeacha kazi huku hutolewa nyumba siku hiyo hiyo, na Rebeka angekaa barabarani na mtoto. Wageni walirudi wamelowa, wanacheka. Bwana akanipiga begani: "Mzuri sana, Joash." Jumatatu nilipomwomba tena, alisema wageni bado wapo, ningoje mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo msiningoje. Nyoeni Jumamosi hii. Wazee wakiuliza, waambie ni mimi nimesema. Sitaki ukae na matanga kichwani kwa sababu ya boti.

Na mimi nimekwisha nyolewa; Kiprono alininyoa jana nyuma ya gereji. Sikumwomba. Alikuja na wembe na kipande cha sabuni, na jana hakutania. "Hata kwetu mtu akifiwa hunyoa," alisema. "Keti." Hakunikata mahali. Alipomaliza alinipangusa shingo kwa kitambaa. Baba alipotunyoa utotoni alikuwa akipuliza, unakumbuka? Alikuwa akitupuliza shingoni ili nywele zisituwashe, nasi tunacheka. Nilibaki nimeinama kidogo, kama mtu anayengoja.

Nisalimie shangazi aliyemuuguza Baba, baba mdogo aliyetupa udongo mahali pangu, na jirani anayekuchotea maji, mwambie namshukuru.

Ni mimi mwanao niliyenyolewa mbali nawe,
Joash.