Sapu ya Figo

Baba,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana tangu uondoke hakuna anayeniachia nafasi ya kusema neno likaisha.

Nimepata sapu, mtihani wa kurudia. Nakwambia mapema kabla hujaambiwa na mwengine, ingawa kwa habari zinavyotembea hapa Jang'ombe, huenda imeshakufikia huko uliko. Ni somo la mwili wa mwanadamu, sehemu ya figo, na nikianguka tena Jumatatu chuo kitanirudisha nyumbani moja kwa moja. Uuguzi wote niliouota tangu utoto utaishia hapo.

Mama bado anakukalia eda, kwa hiyo wageni hawakatiki. Wanakuja kumpa pole, wanakunywa kahawa ninayoichemsha mimi, kisha wanahamia kwenye matokeo yangu. Shangazi anasema ni urojo wa jioni unaonizidishia usingizi. Jirani anasema ni kulala baada ya alasiri. Mwengine kasema sinywi chai asubuhi, na tumbo tupu halishiki elimu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi hapa nazidi kuugua.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hawakukosea. Kweli nilikuwa nalala na simu kifuani. Kweli nilikwenda darasani bila ya kula, nikangojea chipsi za mchana. Basi nimejirekebisha. Nalala mapema, nakunywa chai na mkate wa mofa, na simu nampa Ami kila baada ya isha. Sisinzii tena darasani. Sasa figo siifahamu nikiwa macho makavu.

Huyo Ami, ndugu yako, ndiye kaja na kubwa kuliko. Kasema tatizo ni lugha, na tangu siku hiyo ndani ya nyumba ni Kiingereza tu. Baba, nyumba imenyamaza. Ami mwenyewe Kiingereza chake ni cha kuwauzia watalii viungo Darajani. Karafuu na iliki anazitaja vizuri, lakini akitaka chumvi mezani ananyoosha kidole. Mama, ambaye hajui hata neno moja, hana wa kuzungumza naye mpaka waje wageni. Mjane kafiwa na mume, sasa kanyang'anywa watoto pia.

Lugha ni tatizo kweli, lakini si hivyo anavyodhani. Unajua nilifanya nini? Nilihifadhi. Nilikaa na kurasa za figo nikazisoma kwa sauti, nikiyumba mbele na nyuma kama tulivyokuwa tukihifadhi juzuu kwa maalim, mpaka nikaweza kuzitoa bila ya kutazama. Mtihani ukauliza sukari inayopita kwenye figo inakwenda wapi. Nikamwaga vyote nilivyohifadhi, Kiingereza kimenyooka, hata koma sikuikosa. Swali sikulijibu. Mwalimu aliweka alama ya kuuliza pembeni, basi.

Nikakukasirikia wewe. Ndiyo, wewe. Ungekuwepo, hili lisingetokea. Kila baada ya magharibi ulikaa na kofia yako unashona viua, na mimi nakusimulia kwa Kiswahili nilichosoma siku hiyo. Hukuwa unajua chochote cha hospitali, lakini nikisema jambo nisilolijua mwenyewe, sindano ilisimama. Hata kunitazama hukunitazama.

"Sikufahamu. Anza tena."

Nilikuwa nikichukia mno. Nilianza tena na tena, machozi ya hasira yananilengalenga, na nikifika mwisho nakuta nimeshafahamu, na Kiingereza chake kinakuja chenyewe kwa sababu kimepata pa kukaa. Ukanizoesha hivyo, kisha ukaondoka katikati ya muhula. Ndiyo nini hivyo, Baba?

Jana Ami alipokwenda msikitini, nikaingia chumbani kwa Mama nikaivunja amri. Nikamwambia damu inaingia kwenye figo, inachujwa kama tui, maji na sukari na uchafu vinapita, uchafu unatoka kwa mkojo. Alikuwa na kofia mkononi, ile uliyoiacha nusu. Sikujua kuwa ameanza kuimalizia. Mimi nikaendelea kusema, mara nikaona sindano imesimama.

"Sikufahamu," akasema. "Vyote vishapita chujio. Sasa hiyo sukari inakwenda wapi? Anza tena, mwanangu."

Nililia, Baba. Nililia kwa sababu ndilo swali lenyewe la mtihani, na kwa sababu nilidhani maneno hayo yamezikwa nawe. Nikafungua kitabu, Kiingereza kile kile, lakini safari hii nikatafuta jambo moja tu la kumjibu Mama. Nilipolipata, kwamba mirija ya figo inaifyonza sukari ikairudisha kwenye damu, nikarudi nikaanza tena. Sindano ikaenda mpaka mwisho.

Jumatatu sijui itakuwaje. Ninachokuahidi ni hiki: nipite nisipite, sitaandika tena neno nisiloweza kumwambia Mama likamwingia. Na Ami nitamwambia mwenyewe, kwa adabu na kikombe cha kahawa, kwamba nyumba hii itazungumza.

Mungu akukunjulie nafasi ulipo. Naishia hapa, Mama ananiita. Ameshatunga uzi.

Mwanao