Kamba ya Ng'ombe wa Rongai

Section 58,
Nakuru.
Jumapili, 14 Septemba.

Kwa ndugu yangu Kiptum,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako Jemutai. Naomba zikukute mzima, baridi ya Dundori isiwe imekugandisha, na ule mgongo uliokulaza mwezi wa saba uwe umekuachilia. Mimi mwili uko sawa. Chakula kinapita, kazi ya kushona haijakauka. Usingizi ndio sina, lakini hilo tutalifikia. Msalimie sana Chelagat, umwambie lile gauni lake nimeshalikata, bado mikono tu.

Barua hii nimempa dereva wa lori la viazi anayekuja huko kila Jumatatu, pamoja na mfuko mdogo nilioufunga kwa uzi. Nakusihi usiufungue huo mfuko kabla hujafika mwisho wa barua. Nakujua, wewe tangu utotoni ulikuwa unalamba sukari kabla ya chai kumiminwa, lakini mara hii nisikilize.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani na simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza, na ukinikatiza ningepata nafasi ya kubadilisha maneno.

Wiki iliyopita uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama lile darasa la fedha nililosoma mjini linafaa, kwa sababu sasa wanalileta huko kwenu kanisani na wanataka elfu kumi na mbili. La pili, ni lini twende Rongai kwa marehemu Mzee Kosgei kumchukua ng'ombe wetu, maana watu wa Chelagat wanakungoja Desemba na mahari. Nimekaa na maswali hayo siku nane. Ulidhani ni mawili, kumbe kwangu ni moja.

Acha nianze na darasa. Jumamosi ya kwanza ilikuwa bure, kwenye ukumbi ulio juu ya duka moja pale mjini. Mwalimu anaitwa Sydney, lakini hataki kuitwa mwalimu, anataka aitwe kochi, kama wa mpira. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa hata siku ya matope. Nilienda na jirani yangu Nasimiyu, yule anayeuza samaki wa omena. Tulipotoka aliniambia yeye harudi. "Hayo yote mama yangu alinifundisha kwa kuweka akiba kwenye kopo la mafuta ya Kimbo," akasema, "na hakuniitisha elfu kumi na mbili." Nilicheka, halafu Jumatatu nikalipa.

Sitaki kumsingizia Sydney. Mambo mengine yalinisaidia. Alitufanya tuandike kwenye daftari kila shilingi inayotoka, na ndipo nilipogundua kwamba pesa zangu zilikuwa zinaishia kwenye soseji za smokie, kwenye credo ya simu, na kwenye mikopo mitatu ya simu niliyokuwa nalipa huu kwa huu. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nimeimaliza yote. Wewe unajua nilivyokuwa nikizima simu mwisho wa mwezi. Siku hizi sizimi.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyoniharibu. Alituambia tuorodheshe mali yetu yote. Wenzangu waliandika ploti, hisa za sako, pikipiki. Mimi niliandika cherehani moja, godoro, zamu yangu ya chama, na ng'ombe mmoja Rongai, mjukuu wa yule wa Baba, ndiye pekee aliyebaki. Sydney akachukua daftari langu akalisoma mbele ya watu. Akauliza huyo ng'ombe ana cheti gani, au kuna makubaliano gani yaliyoandikwa. Nikamweleza kwamba kwetu ndivyo tunavyofanya. Baba alikuwa mtu wa kiwanda, akiishi nyumba ya kupanga hapa Section 58, hana pa kufugia, kwa hivyo alimweka ng'ombe wake kwa rafiki yake wa rika, Mzee Kosgei. Rafiki anakunywa maziwa, ndama wanabaki wa mwenyewe, na hakuna anayeandika chochote kwa sababu hakuna anayesahau. Watu wakacheka, Kiptum. Si kicheko kibaya, ni kile cha kumwonea mtu huruma. Sydney akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: mali isiyo na karatasi ni hadithi. Kazi ya nyumbani ikawa kwamba kila mwenye kitu mikononi mwa mtu mwingine akakichukue kabla ya Jumamosi inayofuata.

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, na aibu ikageuka hasira. Nilianza kumhesabia Mzee Kosgei maziwa. Miaka kumi na tisa, asubuhi na jioni, nikapiga hesabu kwenye simu mpaka tarakimu zikanitisha. Sikukumbuka kuhesabu yale mengine. Sikukumbuka kwamba ulipofukuzwa shule kwa karo kidato cha tatu, ni yeye aliyeuza yule ndama dume na kuleta pesa kwa miguu yake, zote, hata nauli hakutoa. Sikuandika kwamba Mama alipougua, mkewe alikuwa anatuma maziwa hapa kila Jumamosi na hakuna aliyemwomba.

Na maneno ya Baba nayakumbuka kama wewe, usidhani niliyasahau. Alivyotushika mikono pale kitandani hospitalini akasema ng'ombe asitoke kwa Kosgei mpaka siku ya mahari ya Kiptum, na siku hiyo twende wawili. Nilijiambia Baba hakusoma darasa.

Ndugu yangu, ng'ombe hayuko Rongai. Nilimchukua mimi, Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, peke yangu, nikamuuza.

Soma tena hapo kama unataka, halafu uendelee.

Nilikodi pikapu pamoja na broka. Tulimkuta Mzee Kosgei anarekebisha ua. Alifurahi kuniona hadi akaangusha nyundo. Mkewe, Mama Gedion, akatoa maziwa ya mgando, mursik, kwenye kibuyu, akanimiminia, akaniwekea kiti. Sikukaa. Nilisema broka ana haraka, na nikaacha kikombe kimejaa juu ya kigoda. Mimi, binti ya Baba, nilikataa maziwa katika nyumba ile, maziwa ya ng'ombe wetu wenyewe.

Mzee aliniuliza, "Umekuja peke yako?" Nikasema uko mbioni na upandaji wa viazi, umenituma. Akaniuliza tena, polepole, kama unajua kweli. Nikasema unajua, pesa ni zako na zangu. Alikuwa amekonda tayari na mimi sikuuliza kwa nini. Kisha akaenda akamleta. Broka alimvuta, ng'ombe akagoma, akawa anamfuata Mzee tu, kwa hivyo Mzee mwenyewe ndiye aliyemtembeza hadi barabarani na kumpandisha kwenye gari. Huko juu akamvua ile kamba ya ngozi aliyoisuka Baba. Akamwambia broka afunge ya kwake, kamba haiuzwi. Alirudi nyumbani ameikunja mkononi, na sisi tukaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilisimamishwa mbele na kupigiwa makofi. Nilinunua mashine ya ovaloki, ya kufungia kingo za nguo, na risiti ina jina langu. Nisikudanganye hata kwa hilo, mashine ni nzuri, na ndiyo iliyoleta ile kazi ya sare za shule. Nilijiambia kabla ya mahari yako nitakuwa nimenunua ng'ombe mwingine na hutajua tofauti. Lakini kodi ikapanda, shule mbili zikachelewa kulipa, na Desemba ndiyo hiyo inakuja.

Sasa kumbuka Pasaka. Ulinipigia simu ukiwa na furaha, ukaniambia umemsalimia Mzee Kosgei kwa simu, umemuuliza habari za ng'ombe, naye amekwambia ng'ombe wako yupo na anakula vizuri. Nilikuwa nimekaa kwenye hiyo mashine ulipokuwa ukiniambia. Baadaye nikajiambia mzee amezeeka, amesahau. Na nilifurahi, Kiptum. Nilifurahi kwamba mzee wa watu amechanganyikiwa.

Mwezi wa saba alipofariki ulikuwa umelala na mgongo, ukaniomba nikuwakilishe mazishini. Mara hiyo ulinituma kweli. Baada ya maombi, Gedion, kifungua mimba wake, alisimama kama ilivyo desturi akasema yeyote mwenye kitu chake katika boma hili, au mwenye deni la marehemu, ajitokeze wazungumze. Wazee wawili walijitokeza. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Nilipoingia jikoni kusaidia kuosha vyombo, niliona pakiti za maziwa ya dukani kwenye karai la taka, zimekatwa pembe. Katika nyumba ile. Ng'ombe wengine walikwisha kuuzwa kwa matibabu, na wa kuwapa maziwa alikuwa wetu. Mama Gedion aliniona nikizitazama. Akanipa sufuria niisugue na kuniuliza hali yako.

Jioni, watu walipopungua, Gedion aliniita nyuma ya ghala. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. Alisema baba yake alijua tangu Pasaka kwamba hukunituma. Baada ya kukata ile simu yako aliiacha chai yake mezani. Kisha akawaita wote nje, akawaonyesha mtamba wao aliyebaki, mmoja tu, na kuwaambia kuanzia leo huyo ni wa Kiptum. Mkewe alipomuuliza kwa nini, akajibu, "Nimemwambia ng'ombe wake yupo. Basi lazima awepo." Akawakataza wasimwambie mtu yeyote nilichofanya, hasa wewe. Alisema mimi na wewe tumebaki wawili tu, na yeye hataki kuwa mtu wa kututenganisha.

Gedion aliingia nyumbani akarudi na kamba. Alisema baba yake ameagiza uje nayo, ndiyo itakayomwongoza mtamba wako. Niliipokea. Tangu mwezi wa saba imekaa chini ya godoro langu, na ndiyo iliyo ndani ya mfuko huo.

Sasa nikujibu uliyoniuliza. Kuhusu darasa, elfu kumi na mbili zako nunulia mbegu ya viazi. Daftari langu nitakupa bure, lina kila kitu, ukurasa wa Jumamosi ya tatu tu ndio nimeuchana. Usimlaumu Sydney. Yeye aliniambia nikachukue kilicho changu. Hakuniambia nidanganye, na hakuniambia nikatae maziwa.

Kuhusu ng'ombe, sijui nikwambie nini. Mtamba yuko tayari, na atazaa kabla ya Krismasi. Ukimchukua, utaoa kwa heshima, na Mama Gedion ataendelea na maziwa ya pakiti. Ukimwacha, utasimama mbele ya watu wa Chelagat mikono mitupu kwa ajili yangu. Nimeitangaza mashine, na bei kubwa niliyopewa ni elfu ishirini na tano, ambayo hainunui ng'ombe wa kupeleka kwa wakwe. Hata hivyo nimekubali. Mnunuzi anakuja Ijumaa. Pesa hizo ni zako, ufanye nazo utakavyo, na deni lililobaki nitalilipa hata likinichukua miaka.

Jambo moja tu nakuomba. Gedion anaweza kukuuliza mbele ya mama yake kama ulinituma. Najua moyo wako, utataka kunifunika. Usinifunike. Mzee alishanifunika mara moja, na mzigo huo umenishinda.

Baba alisema twende wawili. Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa Rongai, pale tunaposhukia, kwenye duka la nafaka. Nitakuwa na pesa za mashine, na sukari na majani ya chai ya Mama Gedion. Safari hii nitakaa kwenye kiti na nitakunywa watakachonipa, hata kama ni maziwa ya pakiti. Usipotokea nitaelewa, nitaingia peke yangu na kusema yote. Lakini ukija, njoo na kamba.

Wasalimie wote wanaokaa nawe huko shambani. Nasimiyu anakusalimu, na anasema mgongo ni wa kukandwa kwa maji ya moto na chumvi. Chelagat mwambie kila kitu au usimwambie, hilo nakuachia. Mungu akulinde.

Ni mimi dada yako,
Jemutai