Barua Aliyoibeba Monicah

Homa Bay,
18 Agosti 1965

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa watoto. Mimi ni mzima isipokuwa kisigino. Je, kifua cha Mama kimetulia? Na mkono wako, bado unakufa ganzi ukikaa sana kwenye cherehani?

Uliponiruhusu kwenda matembezi ya kisiwa cha Mfangano uliniwekea masharti mawili. La kwanza, nisitembee siku ya Sabato. La pili, nikuandikie yote, jema na baya, tena kwa Kiswahili kilichonyooka, si kwa Kikisii chetu. Basi leo natimiza la pili. Nitakueleza yote wala sitaficha kitu.

Tuliondoka hapa Jumatano iliyopita kwa boti ya injini, wasichana wanane wa shule yetu na Mwalimu Jedidah. Kazi yetu ilikuwa kukizunguka kisiwa kwa miguu, siku mbili upande mmoja na siku mbili upande wa pili, na katikati kupanda mlima kutazama michoro ya watu wa kale. Njia ni ya mawe. Ziwa liko chini yako muda wote, na ukisimama kupumua unaona kisiwa cha Rusinga kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Sikujua, Baba, kwamba mtu anaweza kuchoka namna ile na bado asitake njia iishe. Viatu vyangu vipya vilinitoboa kisigino siku ya kwanza. Akeyo, anayetoka Mbita, alinicheka: "Wewe Mkisii, watu wenu si wa milimani? Au huwa mnabebwa?"

Tulilala kwa Mama Phelesia, mjane anayekausha samaki. Ni mwema sana. Alinikanda mguu kwa maji ya chumvi.

Sasa mabaya. Jumamosi, Sabato yetu, ndiyo iliyokuwa siku ya mlima. Mimi na Monicah, binti wa Mzee Onyancha, tulimwambia Mwalimu kwamba sisi tutabaki. Wenzetu walituzomea. Akeyo akasema, "Waacheni. Mungu wao amewafunga miguu kama kuku wa soko." Tukabaki chini ya ukuta wa nyumba tukisoma Zaburi. Monicah hakugeuza ukurasa hata mmoja. Alikuwa akiutazama mlima. Mwishowe akasimama, akajifunga leso kiunoni, akasema, "Orpah, aliyeuweka mlima huu hapa ni nani? Atanikasirikia nikienda kutazama alichofanya?" Nilimshika gauni. Akacheka, akanitoa vidole kimoja kimoja, akawakimbilia wenzetu.

Walirudi saa kumi, nyuso nyekundu kwa vumbi. Mama Phelesia alikuwa amepika kambare, ambaye wao humwita mumi. Mwalimu akatukumbusha kwamba watu wa kanisa letu hawali samaki asiye na magamba, na kwamba kuna mayai. Monicah akanyoosha mkono akachukua mumi. Akeyo akapiga makofi: "Binti wa mzee wa kanisa! Baba yako akisikia?" Monicah akajibu huku anatafuna, "Baba yangu? Kila siku ya soko la Rongo anakula mumi kwa mama mmoja nyuma ya kinu cha kusagia unga. Halafu anatafuna majani ya mpera, ndipo anarudi nyumbani kutuombea." Watu walicheka mpaka Mama Phelesia akashika ukuta. Hata Mwalimu alijifunika uso kwa kitambaa. Mimi pia nilicheka, Baba. Nisamehe.

Nakuandikia haya ili umkumbuke Monicah katika sala zako. Si mbaya. Tukiwa njiani aliniambia anataka kuwa muuguzi, na kwamba amemwomba baba yake amwache walau amalize kidato cha nne. Baba yake anasema atafikiri. Kuna mwanamume mmoja wa Rongo, Machuki, aliyefiwa na mke na mwenye watoto wanne, aliyekwisha kuja kwao mara mbili kumposa. Mwombee ili Mzee Onyancha afikiri vizuri.

Kwa ajili ya kisigino nitabaki hapa kwa Shangazi mpaka shule ifunguliwe. Monicah anarudi Migori kesho, naye amekubali kukuletea barua hii mkononi. Ataiweka ndani ya Biblia yake isikunjike.

Mwanao,
Orpah Mong'ina


Migori,
23 Agosti 1965

Mwanangu Orpah,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Kifua cha Mama yako kimetulia. Mkono wangu ni ule ule. Mwambie Shangazi kwamba mahindi yamekomaa.

Barua yako niliipata Ijumaa. Monicah aliniletea dukani, akaipangusa kwa kiganja kabla ya kunipa. Niliisoma mara mbili, na moyo wangu ukajaa. Umeandika kama mtu mzima.

Unajua desturi ya kanisa letu. Baada ya hubiri, mwenye barua ya mtoto aliye mbali husimama akaisoma, ili wote wapate salamu. Ndiyo sababu nilikuagiza Kiswahili: Wajaluo, Wakuria na sisi tusikie pamoja. Mama yako aliniambia niruke ule ukurasa wa tatu. Nilimjibu kwamba anayeruka amedanganya sawa na anayetunga.

Jumamosi nikasimama. Mzee Onyancha alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, akaniambia, "Mochama, soma polepole, sikio langu hili la kushoto ni bovu." Nikasoma polepole. Nilipofika kwenye mumi watu waliinua vichwa. Nilipofika kwenye majani ya mpera, jirani yetu Ratemo alisema kwa sauti kutoka nyuma, "Mzee, hebu tuangalie mfukoni!" Kanisa lote likacheka, hata wamama wa kwaya. Onyancha alivaa kofia yake humo humo ndani, akatoka.

Binti yake aliitwa mbele. Aliulizwa kama ni kweli alipanda mlima na kula. Akasema ni kweli. Akaulizwa kama kuna mwingine wa kanisa aliyekula. Alinitazama mimi, muda mrefu kidogo, kisha akasema, "Hakuna. Ni mimi tu." Nilijivunia wewe siku ile, mwanangu.

Jumapili wazee walikutana. Onyancha amevuliwa uzee wa kanisa. Mimi ndiye mzee wa kwanza sasa. Miaka tisa nilikuwa nikikaa kiti cha pili, na tazama, Mungu ametumia mkono wa mtoto.

Kaza masomo. Nijulishe kisigino.

Baba yako,
Cephas Mochama


Shuleni,
7 Septemba 1965

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Kisigino kimepona.

Shule imefunguliwa leo ni siku ya pili. Kitanda cha Monicah, kilicho karibu na changu, hakina mtu. Nimewaambia wenzangu kwamba basi limeharibika njiani. Mwalimu Jedidah amesema atamtunzia nafasi mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo hawezi.

Sikujua kwamba barua ingesomwa, Baba. Nilidhani zinazosomwa kanisani ni za salamu tu, zile za watu walio Kampala. Tafadhali, wewe sasa ni mzee wa kwanza. Ukienda kwa Mzee Onyancha ukamwomba msamaha, hata kama hukukosa, atakusikia. Nenda kabla ya mwisho wa mwezi. Nakuomba kwa magoti.

Mwanao,
Orpah


Migori,
20 Septemba 1965

Mwanangu,

Salamu. Sisi ni wazima.

Mzazi haombi msamaha kwa kusoma kweli. Hata hivyo, shauri lako limekwisha kwa amani. Onyancha amempokea Machuki, na jana Monicah ameolewa. Ibada niliiongoza mimi, maana ni kazi ya mzee wa kwanza, na baba yake alisimama pale akitazama viatu vyake. Gauni nililishona mimi mwenyewe kama zawadi ya kanisa. Nilikuwa na vipimo vyake vya Krismasi, lakini kiuno kimepungua sana, ikabidi niliingize mara mbili. Machuki amesema mtoto wake wa mwisho tayari anamwita Mama.

Monicah alinipa ujumbe kwa ajili yako nilipokuwa nikimfunga vifungo vya mgongoni. Alisema, "Mwambie Orpah mlima ulikuwa mzuri." Sikuona maana yake.

Usimwandikie. Sasa ana nyumba.

Baba yako,
Cephas Mochama


Shuleni,
27 Septemba 1965

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe Mama pole ya kifua, na umwambie alikuwa sahihi kuhusu ukurasa wa tatu.

Shule imesikia kwamba Monicah ameolewa, na jana kitanda chake kilipewa msichana wa Karungu. Amekuja na sanduku lake, ameniuliza kama wa kwanza alifukuzwa. Nimemwambia hapana.

Katika barua ile nilikuahidi yote, na nilikupa yote isipokuwa moja. Saa kumi ile, baada ya kucheka, Monicah alinijia nilipokuwa nimeketi peke yangu na yai langu, kwa kuwa kisigino kiliniuma. Alikuwa amefunga kipande cha mumi kwenye jani la mgomba. Akasema, "Onja tu. Nimekuletea na mlima." Akanieleza michoro yote, duara ndani ya duara, nyekundu, kana kwamba mtu alikuwa ameanza kuchora jua akashindwa kuacha. Nikala, Baba. Nilikula kipande chote, nikalamba jani. Kilikuwa kitamu kuliko kitu chochote nilichokula maishani.

Nilipokuwa nikiandika nilifika hapo kalamu ikasimama. Nilikuogopa. Nikaruka, nikaandika habari ya uuguzi. Monicah alikuwa ameketi kando yangu kwa Shangazi wakati ule, akishona kitufe chake, wala hakuuliza nimeandika nini. Halafu akaibeba mpaka kwako. Halafu akasimama mbele ya kanisa zima, akakutazama wewe, akasema hakuna mwingine.

Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili, kama ulivyoagiza, na nimeinyoosha kadiri nilivyoweza, ili Wajaluo, Wakuria na sisi tusikie pamoja. Hakuna ukurasa wa kuruka, kwa maana ni mmoja tu. Ndani yake nimeweka bahasha yenye stempu na jina langu, usichelewe kunijibu. Mimi nimekwisha kukunja nguo zangu, ikiwa nami utanitoa shule; zote zinaenea sandukuni.

Baba, Sabato hii, baada ya hubiri, utasimama uisome?

Mwanao,
Orpah Mong'ina