Lile Lori Mliloliona Likiruka Si Langu

Jumapili, saa tisa alasiri. Mkiwa, Singida. Upepo.

Upepo wa Agosti umeamka kabla yetu leo. Umezoa vumbi la njia panda ukalileta mpaka kwenye chai yangu, nami nikainywa hivyo hivyo. Mtu mwenye hali kama yangu hachagui chai.

Nina aibu.

Nianze na mwisho, ili wale mnaochoka kusoma mpate kilicho chenu mwende zenu. Lile lori dogo la umeme nililoweka picha zake humu wiki iliyopita, lile la kuendeshwa kwa rimoti, lenye magurudumu makubwa kuliko akili yake, likiwa hewani juu ya kichuguu, na chini nikaandika "Mnyama wangu", si langu. Mkaandika "fundi noma". Mmoja akasema Singida sasa tumefika. Niliwajibu wote kwa unyenyekevu mkubwa. Unyenyekevu ule ndio unaoniwasha zaidi.

Lori ni la Mzee Ntandu.

Mzee Ntandu alikuwa dereva wa malori ya shirika la umma, enzi ambazo kutoka hapa mpaka Itigi masika ilikuwa safari ya kuaga watu. Kisha ukaja ubinafsishaji, shirika likafa, malori yakauzwa kwa mnada, na madereva wakapewa barua. Akalima alizeti. Miaka miwili iliyopita kiharusi kikampiga upande wa kulia, mguu ukagoma kabisa, mkono ukabaki na nguvu za kuzungusha kijiko.

Hili lori lililetwa na binti yake anayeishi Dodoma, kwa ajili ya mjukuu. Mjukuu aliligusa siku moja. Kuanzia ya pili likawa na dereva mwenye leseni.

Sasa, hatua sitini kutoka barazani kwake anaishi dada yake mkubwa, Bibi Salome. Hatua hizo nimezihesabu mwenyewe leo, nilipokuwa sitaki kuinua uso. Bibi Salome ana magoti mabovu. Kaka hawezi kwenda, dada hawezi kuja, na wote wawili wanaonana vizuri kabisa. Ni mateso ya aina yake, kumwona ndugu yako kila siku kama picha ya ukutani.

Basi kila saa kumi jioni lori lilikuwa linafunga safari. Nyuma limefungwa kikopo cha ugoro kwa mpira wa manati. Mzee anapiga honi kwa mdomo, anaondoa gari taratibu, analipitisha kando ya mafiga, analizungusha banda la kuku, analifikisha mlangoni kwa dada yake. Hapo anapaza sauti, "Shikamoo dada!" Na Bibi Salome anaitikia akiliangalia lori, si yeye: "Marahaba. Pita ndani, mbona unasimama nje kama mgeni?" Likirudi limebeba karanga.

Wajukuu wa kutumwa wapo, tele. Nilimwuliza hivyo siku alipolileta kwangu amelipakata kwenye bajaji. Akaniangalia kama ninavyomwangalia mtu anayekuja na redio iliyoisha betri akidai imekufa.

"Mtoto ukimtuma, amekwenda mtoto," akasema. "Hili likienda, nimekwenda mimi."

Nilisikia. Naandika hapa kwamba nilisikia, ili nisije nikajidanganya baadaye.

Lori lilikuwa linanguruma bila kusogea. Nikafungua sanduku la gia, na ndani nikakuta uji wa kahawia unaonukia chapati. Mafuta ya alizeti! Sisi huku tunaamini hakuna kisichotibika kwa alizeti. Tunapikia, tunampaka mtoto, tunalainisha bawaba, na nina jamaa aliwahi kuyatia kwenye cherehani ya mke wake, wakanuniana mpaka mavuno. Mzee alikuwa ameyalisha magia vijiko viwili, tena si ya dukani, ni ya shambani kwake, ya kukamua, kwa heshima. Mafuta yakakutana na vumbi letu, yakawa gundi.

Dawa yake ni petroli kidogo, mswaki wa zamani, kitambaa, halafu grisi. Kazi ya asubuhi moja. Nililijua hilo kabla bajaji haijageuza.

Nikafungua mdomo na nikasema, "Mzee, mota imechoka. Inabidi tuagize spea Dar."

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza tangu asubuhi. Hakuna aliyenifundisha ufundi. Nimejifunza kwa kuharibu redio za watu, na kwa kuangalia video usiku zikikatikakatika mtandao unapoishiwa pumzi. Miaka mitano nimekuwa nikiangalia malori haya kwenye kioo cha simu: wazungu wameyafungua, wameyatia mota kubwa, yanapiga sarakasi. Kisha siku moja lori moja linaletwa mlangoni kwangu kwa bajaji. Mwenye njaa hapewi nyama ailinde.

Hiyo ya nyama ni utetezi. Nimeiacha muione, maana ndivyo nilivyojitetea wiki tatu nzima.

Spea zilifika siku ya nne, kwenye boksi, na basi. Nikatoa mota ya zamani, ile ya kaboni inayozunguka pole kama bibi anayesaga, nikaiweka kwenye kopo la majarini. Nikafunga mpya isiyo na kaboni, na kidude chake kinachoamua mota ipate moto kiasi gani. Gia za plastiki nikazitoa, nikatia za chuma. Betri nikaiongeza kutoka seli mbili kuwa tatu. Shokapu nikazijaza oili nzito ya pikipiki, zikaacha kudundadunda. Nilichoma risasi kwenye kila waya kwa utulivu ambao sijawahi kuutumia kwenye redio ya mteja. Sikutaka hata senti ya Mzee, na kwa hilo nikajiona mwema. Angalieni jinsi mtu anavyoweza kuwa mwema.

Jioni ile nikalipeleka uwanja wa shule kulijaribu. Kujaribu kidogo tu.

Nikajaribu siku kumi na saba.

Kuna kichuguu nyuma ya goli la kaskazini, kimekaa kama kimejengwa kwa kazi hiyo. Lori linakuja mbio, linakipanda, linaruka, vumbi linabaki hewani likilitafuta. Madereva wa bodaboda wakawa wanaacha abiria waje kuangalia. "Fundi, lipe moto!" wanasema, nami nalipa moto. Siku moja lilitua vibaya, mkono wa gurudumu la mbele ukakatika. Nikachonga mwingine kwa kipande cha bomba la maji, ukawa imara kuliko wa kiwandani. Nikapiga picha. Ndizo mlizoziona.

Katikati ya siku hizo Mzee Ntandu alikuwa anatuma mtu wa bodaboda. "Mzee anauliza hali ya mgonjwa." Mara tatu alituma. Na mara zote tatu nilijibu kwa maneno ambayo mafundi wote wa nchi hii tumerithishana kama kitabu cha dini: "Mwambie spea bado. Kesho."

Mara ya tatu lori lilikuwa chini ya meza, bado la moto.

Leo nimelirudisha. Si kwa sababu dhamiri ilinikamata, niseme ukweli. Ni kwa sababu shule inafunguliwa kesho na uwanja utakuwa na wenyewe.

Nimefika baada ya ibada. Mzee amevaa shati la misa, amekalishwa barazani. Ng'ambo, Bibi Salome amejifunga kitenge kipya na kutolewa kiti mlangoni, kama anayengoja wageni wa posa. Kikopo cha ugoro kilikuwa tayari kimejazwa. Kilijazwa lini sijui. Labda siku ile ya "spea bado" ya kwanza.

Mzee amelipokea lori, amelipapasa. Amegusa gia za chuma. Amegusa mkono wa bomba. "Hii umechonga mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo baba yangu hajawahi kunitikisia. Akawaambia waliokuwepo, "Huyu kijana amehangaika wiki tatu na spea za Dar. Tatu! Siku hizi nani anahangaika na kitu cha mzee?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa wazi, kama nafasi ya kuegesha.

Nikasema, "Kawaida tu, Mzee."

Akafunga ugoro. Akapiga honi kwa mdomo. Rimoti yake imekaa kama bastola: kidole cha mkono mmoja kinavuta moto, mkono wa pili unazungusha usukani mdogo pembeni. Kidole cha kushoto bado kizuri. Mkono wa kulia, ule wa kijiko, ndio wa usukani. Kwa lori la zamani ulitosha, maana lori lilikuwa linamsubiri.

Akavuta.

Lori halikuondoka, lilitoka kama limechomwa. Liligonga figa, likaruka, likapinduka. Ugoro wote ukamwagika hewani, upepo ukautawanya, na watu watano tukaanza kupiga chafya pamoja. Ningecheka siku nyingine.

Wakaliweka sawa. Akavuta tena, taratibu zaidi, naona kabisa kidole kinavyojizuia. Likaingia banda la kuku. Mara ya tatu likazunguka palepale kama mbwa anayefukuza mkia, mkono wa kulia ukilifuata usukani na kuchelewa, ukilifuata na kuchelewa.

Ng'ambo Bibi Salome alikuwa amenyoosha kiganja tangu mwanzo. Akakirudisha mapajani.

Mzee akaweka rimoti kwenye goti. Akasema bila hasira, kama anayesoma kipimo cha mafuta:

"Gari zuri. Dereva ndiyo kaisha."

Wenzangu, gari lile nilikuwa nimelitengeneza kwa vidole vyangu. Kila nilichobadilisha nilikipima kwa mkono wangu mimi, kwenye kichuguu changu mimi. Haikunijia akilini hata mara moja kulipima kwa mkono utakaolishika. Na sasa mtu aliyevuka tope la Itigi na tani saba mgongoni amekaa barazani kwake akijistaafisha kwa mara ya pili, kwa kosa langu, na ananisifu.

Nikasema, "Utalizoea, Mzee." Nikaomba maji, nikanywa, nikaaga.

Njia ya kutokea inapita mbele ya Bibi Salome. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, halafu akanishika kiganja hakuniachia. Wazee wa magoti mabovu wana mikono ya chuma.

"Lilikuwa linarukaruka vizuri kule uwanjani," akasema.

Nikahisi masikio yanaungua.

"Mjukuu wangu kalishuhudia siku ya kwanza. Akaja mbio kunisimulia. Nimemwambia akimwambia babu yake, namkata ulimi."

"Bibi, mimi..."

"Usiniambie mimi. Mimi magoti ndiyo mabovu, macho mazima." Akavuta mkono wangu chini nikainama. "Wiki tatu kaka yangu hajanisalimia. Nimekunyamazia nikijua litarudi. Sasa limerudi, na yeye anadhani amekwisha. Hilo sitalinyamazia. Ama umwambie wewe, ama nimwambie mimi kwa Kinyaturu, na Kinyaturu changu hakina adabu."

Akaniachia. Nikazihesabu hatua zile sitini ambazo sikuwa na sababu ya kuzitembea, nikaenda mpaka karibu na baraza ya Mzee, nikamwona amefumba macho, nikageuka.

Mnaona? Hata hapo niligeuka.

Nimekaa na kopo la majarini mbele yangu tangu saa saba. Mota ya zamani imo ndani, nzima, haijaudhika na mtu. Kuirudisha ni skrubu nne na waya mbili. Gia zitabaki za chuma, hizo hazina kosa, lakini pinioni, ile gia ya kwenye ncha ya mota, nitaweka ndogo ili liende pole zaidi hata ya mwanzo. Seli moja ya betri itatoka. Usukani nitaulegeza, umsubiri mkono. Na sanduku la gia litakwenda na grisi ya ziada kwenye kichupa, pamoja na ombi kwamba alizeti ibaki jikoni.

Hayo nayaweza. Nikiyafanya kimyakimya lori litatii, atafurahi, atasema kumbe alikuwa amechoka tu leo, na mimi nitapata sifa ya pili. Nimeliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Lakini nikimtengenezea bila kumwambia, atabaki akijua moyoni kwamba fundi alilipunguza gari nguvu kwa ajili ya mzee. Inabidi ajue halikuongezwa nguvu kwa ajili yake kabisa. Inabidi nilifungue mbele yake, barazani, na bisibisi mkononi, nikiwa nasema. Siku ya nne. Kichuguu. Siku kumi na saba. "Spea bado" mara tatu. Picha zile na maneno "Mnyama wangu". Nikimaliza kusema ndipo nifunge skrubu ya mwisho, si kabla.

Wengi wenu mngetaka nifunge kwa kusema kesho nitakwenda. Mimi ni fundi. Mnajua kesho ya fundi ilivyo.

Sasa hivi ni saa tisa na nusu. Safari ya ugoro ni saa kumi. Kopo nimelitia kwenye mfuko, bisibisi ipo, kikopo kipya cha ugoro nimechukua dukani kwa jirani.

Naweka simu chini. Natoka.